Kuta Mmezipiga Picha, Nyumba Je?

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja alitushukia vijana tunaozunguka Mji Mkongwe wa Unguja na kamera mkononi. Alituita watumwa wa kujitakia. Eti majumba yale ni ya enzi za Malkia Victoria, yalijengwa kwa pesa za pembe na karafuu na kwa migongo ya watumwa, na kijana wa leo anayeyapiga picha anampigia magoti mkoloni aliyekwisha kufa na kuoza. Akamalizia kwa kutuelekeza tukapige picha Michenzani, kwani huko ndiko kwetu.

Nilisoma makala ile mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikasirika, kwa sababu mie nimezaliwa Michenzani, nimekulia kwenye yale maghorofa marefu kama treni, na sihitaji mtu wa kunionesha kwetu ni wapi. Mara ya tatu nikaona kwamba jamaa amekosea lakini amegusa kidonda. Kidonda hicho ndicho kilichonikalisha kitako niandike.

Tuanze na Victoria mwenyewe. Bibi yule alitawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901, na ni kweli kwamba sehemu kubwa ya Mji Mkongwe tunaouona leo ilisimama katika miaka hiyo. Nenda Mizingani, karibu na bandari, utazame lile jengo la roshani za mbao zilizotobolewa nakshi kama kitambaa cha lesi, lenye vioo vya rangi. Wengi tunaliita Zahanati ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, kuadhimisha miaka 50 ya Victoria katika kiti cha enzi, na aliyeliweka ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyepata kushika forodha ya Sultan. Topan alifariki 1891 kabla halijakwisha, likamalizika 1894. Basi jina la Victoria limo, sikatai.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba majumba ni yake, hapo pana bahari nzima! Beit al-Ajaib ilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, na Himaya ya Waingereza haikutangazwa mpaka 1890. Walichokifanya Waingereza pale mbele ya bahari tunakijua. Tarehe 27 Agosti 1896 walilipiga mizinga kasri kwa muda usiofika hata saa moja, likageuka kifusi, watu kama 500 wakauawa au kujeruhiwa. Hivi mtu anayekuja na mizinga ndiye mwenye nyumba? Haiingii akilini.

Na hilo la watumwa je? Mwenzetu anasema kwa kuwa watumwa walijenga, tusitazame. Mie nasema kwa kuwa watumwa walijenga, tutazame hasa, tena tusogee karibu. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe hayo hayakutembea yenyewe kutoka pwani, na chokaa haikujichoma yenyewe kwenye tanuri. Ukiinua macho ndani ya chumba utaziona boriti za mikoko zimelala dari nzima. Mikoko haitoi miti mirefu, ndiyo maana chumba hata cha tajiri mwenye mashamba ya karafuu hakizidi sana mita tatu kwa upana. Kinaweza kurefuka kitakavyo, lakini hakipanuki. Yaani mti uliokatwa na mtu asiye na jina, huko kwenye matope, ndio uliompimia bwana mkubwa upana wa sebule yake! Jambo hilo hulioni ukipiga picha kutoka barabarani. Unaliona ukiwa umesimama ndani, shingo umeipinda, vumbi la chokaa linakuingia machoni.

Kwa hayo nimemaliza na mwenzetu. Sasa nawageukia nyie wenye kamera, na mie mmojawapo, na hapa sitakuwa mpole.

Fungua simu yako, ndugu msomaji, utazame ulichokipiga Mji Mkongwe. Nitakwambia kilichomo kabla hujafungua. Mlango wa nakshi wenye njumu za shaba. Mlango mwingine. Paka juu ya baraza. Uchochoro mtupu, jua limeangukia ukuta mmoja. Mlango tena. Na kama ulikwenda jioni, bwana harusi na bibi harusi wameegemea ukuta uliobanduka chokaa, kwa sababu siku hizi umaskini wa ukuta unapendeza kwenye picha ya harusi.

Watu wako wapi? Mji ule una wakaazi maelfu. Wanapika, wanafua, wanagombania maji, wanasomesha watoto Kurani, wanauguza wazee. Sisi tunasimama uchochoroni tunamngoja bibi mwenye ndoo apite, ndipo tubonyeze. Tukikuta kanga zimeanikwa roshanini tunahama upande, eti zinaharibu mandhari. Zinaharibu mandhari gani? Nyumba isiyoanikwa nguo ni gofu au ni hoteli.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Kamera na majumba yale vilikua pamoja. Tangu karne ya 19 mji ulikuwa na studio za picha, kama ile ya A. C. Gomes, na picha za majumba zikauzwa kwa wageni wapitao. Mgeni alifika kwa meli, kwa hiyo picha nyingi ziliutazama mji kutoka baharini: Beit al-Ajaib, kasri, bandari. Picha iliyompendeza abiria wa meli imekuwa ndiyo picha ya mji, na sisi tuliozaliwa umbali wa kutembea kwa miguu bado tunaipiga hiyo hiyo, kana kwamba nasi tumeteremka kwenye meli asubuhi hii. Simsemi vibaya kila mpiga picha wa zamani. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, aliwapiga picha watu wa mji huu, na ukizitazama unaona nyuso, siyo kuta tu. Tuna mtu wa kujifunza kwake. Hatukujifunza.

Mie ushahidi wangu ninao mfukoni. Nina picha 11 za Beit al-Ajaib. Nyingine nilizipiga kwa simu ya kaka yangu, nyingine kwa yangu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba lile iliporomoka, pamoja na mnara wa saa, katikati ya kazi ya ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Siku ile nilikaa kitandani nazitazama picha zangu moja moja. Zote 11 ni za mbele! Zote kutoka Forodhani, mnara katikati, nguzo za chuma zimejipanga, mbingu ya buluu. Sina hata moja ya nyuma, hata moja ya ngazi. Na tangu mwaka 2012 sehemu ya jengo ilikuwa imekwisha kuanguka. Mwenye macho angeona. Mie nilikuwa na macho, lakini niliyatumia kutafuta mbingu ya buluu.

Nilipokuwa mdogo shule ilitupeleka mle ndani. Nakumbuka mtepe, lile jahazi lililoshonwa kwa kamba, limewekwa chini katikati ya ukumbi, nasi tumelizunguka tukisukumana. Nakumbuka baridi ya sakafu. Zaidi ya hapo sikumbuki. Milango mingapi ilifunguka kwenye ukumbi ule? Ngazi zilipinda kushoto au kulia? Sijui, na picha zangu 11 hazijui.

Kwa msomaji wa kawaida hiyo labda si hasara kubwa. Kwetu sisi tunaotaka kuandika riwaya ni msiba. Nina riwaya nimeianza tangu nilipomaliza kidato cha nne. Mhusika wangu mkuu, msichana, anakaa chumba cha juu katika jumba bovu la Mji Mkongwe. Sura ya tatu anateremka ngazi usiku wa manane, umeme umekatika, anamkimbia mjomba wake. Niliiandika sura ile mara nne na mara zote ilikufa mikononi mwangu. Msichana anateremka ngazi, basi. Ngazi gani? Za mbao au za mawe? Zina mkono wa kushikia? Anajua kwa miguu yake ipi imevunjika, au anakanyaga kwa kubahatisha? Nilikuwa na mamia ya picha za mji ule na hakuna hata moja iliyoweza kunijibu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote nimekuwa nikipiga picha mji nisioujua.

Basi nikatoka kwenda kutafuta ngazi. Nilianza na jumba moja la zamani lililogeuzwa hoteli, jina nalihifadhi. Mlinzi mlangoni, kijana rika langu, aliniambia picha ni kwa wageni waliolala. Nikamwuliza, "Mshikaji, wewe kwenu wapi?" Akasema Kwahani. Tukacheka wote wawili, akanifukuza.

Siku nyingine, uchochoro mwingine, nilisimama mbele ya mlango. Nyumba kama zile nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zikatiwa familia nyingi, nyingine ni za wakfu, na nyingi zimeshuhudia wapangaji vizazi kwa vizazi. Mlango ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Nilikuwa nimepiga moja, napima ya pili, mara bibi mmoja akatokea dirishani juu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa bibi. Napiga mlango tu."

"Kila siku mlango. Mlango huo umepigwa picha tangu marehemu mume wangu yuhai. Mlango hauvuji! Panda huku upige dari."

Nikapanda. Ngazi nilizokuwa nikizitafuta nikazikuta chini ya miguu yangu. Za mawe mpaka ghorofa ya kwanza, halafu za mbao, nyembamba, zenye giza hata saa sita mchana, kamba ya manila imefungwa badala ya mkono wa kushikia. Chumba cha bibi kilikuwa nusu ya ukumbi wa zamani, kimegawanywa kwa mbao za plaiwudi. Nusu ya pili anakaa mtu na mkewe na watoto. Ndoo mbili na sufuria moja zimetegwa chini. Dari imefunguka, boriti zimeonekana, moja imeoza kichwa pale inapoingia ukutani. Na ukuta, hapa naomba tutulie kidogo, ukuta ulikuwa umepigwa saruji.

Ni hivi. Chokaa inapumua. Maji yakiingia ukutani, na kisiwani yataingia tu, chokaa huyaachia yatoke taratibu. Saruji haipumui. Ukiipaka juu ya ukuta wa mawe na chokaa, unyevu unafungiwa ndani, unatafuta pa kutokea, na mara nyingi unaishia kwenye vichwa vya boriti. Kwa macho ukuta umepata nguvu, kumbe ndani unaoza. Bibi aliniambia saruji ile walichangishana wapangaji, wakafurahi, ukuta ukapendeza. Nani aliwaambia? Vitabu na ripoti za uhifadhi zimeandikwa, nyingi kwa Kiingereza, ziko makabatini. Mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Bibi yule haoni orodha, anaona ndoo.

Nilipiga dari, nikapiga boriti iliyooza, nikapiga jiko la mkaa lililowekwa kwenye pembe ya ngazi. Nilipogeuza kamera kwenye kitanda, ambako mjukuu wake alikuwa amelala, akanishika mkono.

"Huyo usimpige. Na hizo ulizopiga utazipeleka wapi?"

Nikamwambia ni za kwangu, naandika kitabu. Akanitazama muda mrefu.

"Mwanangu, zikionekana watakuja kusema nyumba mbovu, tuhame itengenezwe. Na sisi tukihama haturudi."

Haya, nyie mnaosema piga picha tu, picha haidhuru, mjibuni bibi huyu! Mie nilishindwa. Nyumba ikinyamaziwa itamwangukia. Nyumba ikitangazwa atatolewa. Mwenye kamera anasimama katikati na kidole chake juu ya kitufe, halafu mwenzetu wa toleo lililopita anadhani tatizo ni Malkia Victoria!

Nilifuta zile ambazo mtu angeweza kuitambua nyumba. Nilibakiza boriti, kwa sababu boriti zote zilizooza zinafanana. Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo kama ningekuwa mwandishi kweli, nikatoa daftari. Bibi hakuogopa daftari. Alinieleza nani alikaa chumba kipi na mwaka gani alihama, kisima kilifukiwa lini, harusi yake ilichezwa wapi mle ndani, na kwamba mumewe alipofariki jeneza liliteremshwa kwa shida kwa sababu ngazi zinapinda palepale penye jiko. Hilo la jeneza sikulifikiria katika sura zangu zote nne.

Ndiyo maana nasema kamera peke yake haitoshi, tena wakati mwingine inamwumiza aliyepigwa. Kalamu inaweza kusema dari inavuja bila kusema ni dari ya nani. Inaweza kumpa bibi jina lingine na uchochoro mwingine, na bado mvua ikanyesha mle ndani. Picha haiwezi hivyo, haina jina la kupanga. Sisi wenye kalamu tuliacha kazi yetu tukakimbilia kupiga milango.

Mnataka mfano? Salme binti Said, aliyezaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844 na baadaye Ulaya akaitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, enzi hizo hizo za Victoria. Beit al-Mtoni leo ni magofu kando ya bahari. Ukiyapiga picha utapata mawe na majani. Lakini ukimsoma yeye unaona ua, swala na tausi wakizunguka humo, mahamamu, watu wa kila rangi wakipishana kutwa. Simtukuzi. Alikuwa binti wa Sultan, na utumwa aliutetea katika kitabu kile kile, jambo linalonikera mpaka leo. Lakini aliandika kwa ndani, chumba kwa chumba, na kwa hiyo nyumba iliyoanguka bado anaweza kutuingiza. Sasa fikiria kama mmoja wa waliokuwa wakiufagia ua ule angekuwa na daftari! Hakuwa nalo. Nyie mnalo, tena mna na simu.

Najua mtasema wapangaji hawatufungulii. Watatufungulia vipi, na sisi tunafika saa kumi na moja jioni kwa ajili ya mwanga, hatusalimii, tunaondoka? Nimerudi kwa bibi mara sita sasa. Mara mbili nilikwenda bila kamera. Mara moja nilibeba ndoo. Nimempelekea picha moja niliyoisafishisha, ya yeye na mjukuu wake wamekaa barazani, ambayo aliitaka mwenyewe na akajipanga mwenyewe, kavaa kanga mpya. Nyuma ya picha nimeandika tarehe, majina yao na waliokaa chumba kile kabla yao kwa kadiri anavyokumbuka. Hiyo haitoki nje ya nyumba ile, wala hamtaiona katika jarida hili.

Picha zisizo na kitu nyuma ndizo zinazonitisha. Miaka 40 ijayo mtu atazikuta, mlango bila mtaa, roshani bila mwaka, atasema mji ulikuwa mzuri. Lini? Nani alikaa humo? Hatajua, na sisi tuliokuwapo tutakuwa tumemfundisha kwamba haikuwa na maana.

Sura ya tatu nimeiandika upya. Msichana wangu anateremka akiwa ameshika kamba, anahesabu, anaruka ya tisa kwa sababu anaijua, na anapofika penye jiko anapinda ubavu. Sijui kama ni nzuri. Mhariri wa jarida hili ameisoma, kasema bado ndefu.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa Darajani, upande wa soko. Wanaotaka kufuatana nami waje na daftari, na atakayekuja na kamera aje na salamu kwanza. Na yule mwenzetu wa toleo lililopita naye namwalika. Bibi ameshamsikia habari zake, nilimsimulia. Anasema aletwe, boriti ya pili imeanza kupinda na yeye anataka mtu mwenye nguvu wa kusogeza kabati.